Pweza Aliyevuliwa na Ndagoni Nzima

Wenzangu, nimechoka kuisimulia safari hii vipandevipande. Mmoja nilimpa mwanzo wake kwenye korido ya ofisi, mwingine nikampa katikati tukisubiri mazoezi ya kwaya, na sasa nasikia inasemwa kwamba nilikwenda Mafia kula pweza kwa gharama ya serikali. Kula nilikula, sikatai. Lakini sikutumwa kula, kwa hiyo kaeni niwaeleze yote kwa mpangilio, na nikimaliza asiniulize mtu tena.

Kazi yangu mnaijua. Redio ikisema Pato la Taifa limekua, sisi ndio tuliokuwa tumeinama juu ya kompyuta huku Dodoma tukijumlisha. Takwimu nyingi hutufikia bila jasho: za forodha, za kodi, hesabu za makampuni, matumizi ya serikali, mikopo ya benki. Zinazotutoa roho ni za vitu visivyopita dukani, kama muhogo unaochimbwa nyuma ya nyumba asubuhi ukaliwa mchana, au samaki anayetoka baharini moja kwa moja hadi chunguni. Hivyo navyo ni pato la nchi, na mlango wa kuvifikia ni mmoja tu, jiko la mtu. Kwa hiyo tunatuma mdadisi, anabisha hodi na kishikwambi chake mkononi, anauliza: wiki hii mmekula nini, na mlikipataje? Mmenunua, mmepewa, au ni chenu wenyewe?

Mdadisi wetu wa kijiji cha Ndagoni alikuwa Salama, binti wa hapohapo. Majibu aliyoyaleta yalitushtua. Kaya karibu zote zilikuwa zimekula pweza, zimemla siku zilezile, na zote zilisema pweza ni wao wenyewe. Hata bibi mmoja anayeishi peke yake na magoti mabovu alikuwa na pweza wake. Hata mwalimu aliyehamia kutoka Singida. Mkuu wetu wa kitengo, ambaye sote tunamwita Babu ingawa mvi zake ni za kutafuta, alisema takwimu hizi zimepikwa: binti ameuliza nyumba moja, kisha akanakili nyumba zilizobaki. Salama akaondolewa kwenye kundi la simu la wadadisi, mbele ya wenzake wote, bila kuulizwa neno.

Kwenye kikao nikasema huwezi kumpaka mtu tope hivyo bila kwenda kuangalia. Mdomo wangu mnaujua. Babu akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi nenda wewe ukaangalie." Nikikuta amepika, Salama hatafanya kazi na sisi tena. Nikikuta hakupika, anarudi. Hicho ndicho nilichokibeba hadi Mafia.

Nyamisati, tukingoja maji

Treni ya umeme hadi Dar es Salaam haina hadithi, nililala. Basi la kwenda Nyamisati nalo halina, isipokuwa jirani yangu alinisinzia begani hadi Kibiti, na alipoamka akaniuliza kama nimelala vizuri.

Hadithi ilianza bandarini. Mimi ni mtu wa Dodoma, nimezoea vyombo vya safari vinavyofuata saa. Nikamwendea kijana wa tiketi, nikauliza boti inaondoka saa ngapi.

"Maji yakijaa, mama."

"Nimeelewa. Yatajaa saa ngapi?"

"Yatakapojaa utayaona."

Nikaenda kukaa. Mahali pa kukaa palikuwa pazuri kuliko nilivyotarajia, maana abiria mmoja, Mzee Athumani, alikuwa anampelekea binti yake wa Kilindoni seti ya makochi ya harusi, na alikuwa ameyapanga mchangani kama sebuleni, yangali ndani ya nailoni zake. Akamkaribisha kila mpita njia. Tukakaa pale, akina mama na vikapu vyao, mimi na begi langu, tukila kamba wa kukaanga na mihogo aliyotuuzia mama mmoja wa gengeni. Wale kamba, wenzangu, walikuwa wamekaangwa na pilipili na ndimu hadi nikasahau nilikuwa nimekasirika.

"Dada unaonekana unayadai haya maji," Mzee Athumani akaniambia.

Nikamwambia mimi kwetu bahari hakuna, siyajui maji wala taratibu zake. Hapo akachangamka. Akanieleza kwamba kuna siku za maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi sana, na kuna siku za bamvua, maji yanajaa kupita kiasi na yakitoka yanatoka hadi mwamba unabaki mtupu. "Siku hizo kijijini humkuti mwanamke nyumbani," akasema. "Wote wako mwambani wanachokoa pweza. Bamvua likipita, wanarudi kwenye dagaa na mchicha."

Nikaacha kutafuna. Kaya zote, siku zilezile. Sisi ofisini tulikuwa na kalenda ya mishahara, ya bajeti na ya sikukuu, lakini hakuna aliyefikiria kalenda ya maji. Nilifurahi kiasi cha kutaka kumpigia Babu palepale juu ya kochi. Kisha nikakumbuka bibi wa magoti mabovu, furaha ikapungua. Bamvua linaeleza siku. Halielezi bibi asiyeweza kutembea amempataje pweza wake mwenyewe.

Maji yalijaa, na kweli niliyaona. Makochi yalipandishwa kwanza, kisha sisi. Katikati ya njia boti ilianza kuyumba, nami nikaanza kuimba pambio kimoyomoyo, nadhani sauti ilinitoka kidogo, maana mama mmoja mwenye buibui alinipa ndimu ninuse na akaniambia niendelee kuimba, inamsaidia na yeye.

Kilindoni hadi Ndagoni

Kilindoni nilichukua bodaboda. Dereva aliendesha kwenye mchanga kati ya minazi kana kwamba yuko kwenye lami, huku amenigeuzia shavu ili tuongee.

"Wewe ni wa kodi?"

"Hapana, wa takwimu."

"Wa takwimu ndio wanaowatangulia wa kodi?"

Nikajitetea njia nzima. Nadhani sikumshawishi, kwa sababu tulipofika alitangaza kwa sauti, "Mgeni wa serikali huyu, lakini anasema hana ubaya."

Salama alikuwa ananisubiri mlangoni, binti mwembamba mwenye macho ya kuchoka. Alinipa shikamoo kwa adabu zote. Ndagoni hakuna nyumba ya wageni, kwa hiyo mimi, niliyekuja kumchunguza, ndiye mgeni wake wa kulala. Alinivuta kando kabla hatujaingia.

"Dada Neema, najua umekuja kwa ajili gani, na sina shida na hilo. Uliza nyumba yoyote. Ila mama hajui kama nimeondolewa. Anadhani kazi imesimama tu. Alishajisifu msibani na harusini kwamba mwanawe ni mtu wa takwimu. Nakuomba tu, asijue."

Nikamwahidi. Nawaambia ukweli, kuanzia hapo sikuwa mkaguzi tena moyoni. Nilikuwa naomba Mungu tu binti yule awe msafi.

Mama yake, Bi Mwanahawa, ni mnene wa kicheko, mtu wa kukupokea kama ulikuwa umepotea. Habari za mgeni zilikuwa zimeshasambaa, na jioni ile yakaanza kuingia mabakuli kutoka kwa majirani, yamefunikwa kwa kawa: mihogo ya nazi, kunde, chapati za maji, samaki wa kupaka. Nilikula hadi nikalegeza kitenge.

Asubuhi nikataka kuonyesha malezi yangu. Nikayasugua yale mabakuli kwa sabuni na mchanga hadi yakang'aa, nikayarudisha mwenyewe nyumba kwa nyumba, nikishukuru. Kila mlango niliona uso ukikunjuka kwa salamu, kisha ukakunjana kidogo ukiangalia ndani ya bakuli. Nikadhani wanastaajabia usafi.

Mwambani

Ilikuwa siku ya bamvua, nikafuatana na Bi Mwanahawa na Salama. Maji yalikuwa yamekwenda mbali hadi bahari ilionekana kama uzi. Akina mama wametapakaa juu ya mwamba, kila mmoja na kijiti chake cha chuma, wanainama, wanachungulia tundu, wanasonga. Mimi nilipewa kijiti na kuambiwa nitafute tundu lenye kokoto zimepangwa mlangoni, ndipo pweza anapokaa. Nikaona matundu hayo kila mahali. Hakuna hata moja lililokuwa na mwenyewe.

Niliteleza, nikakaa ndani ya dimbwi na kishikwambi cha serikali shingoni, bahati nzuri kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwamba mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao, maana maji yalikuwa ya vuguvugu na sikuwa na haraka ya kutoka. Siku nzuri kama ile sikuwa nimeipata kwa muda mrefu.

Lakini macho yangu ya kazi yalikuwa wazi. Wengi walirudi na pweza wadogo wa kuhesabika kwa mkono mmoja, wengine hawakurudi na kitu. Bi Mwanahawa alipata mmoja mkubwa, akambeba begani kama khanga. Na bibi wa magoti mabovu, Bi Shani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, hakuwepo kabisa.

Nikalala mchana kutwa kwa uchovu. Nilipoamka nilikuta pweza wa nazi ananingoja, nikala, kisha nikaenda kwa Bi Shani na kishikwambi changu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa mkekani."

"Leo umekula kitoweo gani?"

"Pweza, alhamdulillahi."

"Umempata wapi, bibi?"

"Wangu."

Nikaangalia magoti yake, ameyanyoosha na kuyapaka mafuta. "Umekwenda mwambani mwenyewe, bibi? Au kuna mtu amekupa?"

Akaacha kupaka mafuta. "Kwani mwanangu, unaniona mimi ombaomba? Au nimekula cha wizi?"

Niliomba radhi kwa lugha zote ninazozijua. Akanisamehe kwa mdomo, lakini hakunikaribisha chai.

Nikampigia Babu kumwambia kwamba majibu ni yaleyale, na nimeyasikia kwa masikio yangu. Babu akaguna. "Kijiji kizima ni shangazi na mama wadogo zake. Amewapanga, amewafundisha la kusema. Neema, usiwe mwepesi." Nikakata simu nikiwa na hasira. Salama alikuwa amesimama jikoni, na nilijua amesikia. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa tayari.

Bakuli tupu

Bi Mwanahawa alinikuta nimejiinamia. Alidhani najutia jambo jingine.

"Usijali sana, mwanangu. Wamekuelewa, wewe mgeni."

"Wamenielewa nini, mama?"

"Mambo ya mabakuli. Sisi bakuli la mtu haturudishi tupu. Unaweka hata ndimu moja, hata chumvi. Ukilirudisha tupu ni kama unasema, basi, tumemalizana."

Nikashika kichwa. Nilikuwa nimezunguka kijiji kizima asubuhi, kwa tabasamu, nikiwaambia watu walionilisha kwamba tumemalizana. Bi Mwanahawa alicheka hadi akakaa chini.

Nikasema lazima nitengeneze. Nilikuwa na nini? Mama yangu haniruhusu kutoka Dodoma bila mfuko wa mlenda, majani ya porini kwetu Ugogoni, yaliyokaushwa na kutwangwa. Hayaoti Mafia wala hayauzwi pale. Nikauchemsha kwa karanga. Bi Mwanahawa akauonja, akaurefusha kwa kijiko ukavutika hadi usawa wa paji la uso wake, akauliza kwa upole kama umeharibika. Nikamwambia ndivyo ulivyo. Akafikiri, akakuna nazi, akatia tui bila kuniomba ruhusa. Kwetu Chamwino wangenitenga, lakini nakiri ulikuwa mtamu. Tukaazima mabakuli yaleyale niliyokuwa nimeyarudisha, tukayajaza, tukayafunika, nikayapeleka mwenyewe. Safari hii nyuso zilikunjuka na kubaki hivyo. Bi Shani alinishika mkono kwa muda mrefu.

Kuuliza upya

Kesho yake nikamwambia Salama tumalize kazi, tupite nyumba zote pamoja, yeye aulize na mimi niandike, ili nione anavyouliza. Nilikuwa nimekata tamaa, sitawaficha. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumwandikia Babu bila kumwangamiza binti wa watu.

Tukaanza kwa Bi Shani. Salama akaketi kwa adabu, akauliza jana usiku kaya imekula nini.

"Wali. Na ule mlenda, sijui ndivyo unavyoitwa."

"Mliupataje, bibi? Mmenunua, mmepewa, au ni wenu wenyewe?"

"Wangu," akasema Bi Shani.

Kidole changu kikabaki hewani juu ya kishikwambi. Nikamtazama Salama, naye akanitazama. Ule mlenda niliutoa kwenye begi langu. Ulichumwa na mama yangu mzazi huko Ugogoni.

"Bibi," nikasema polepole sana, nisirudie kosa la jana, "si mimi niliyeuleta?"

"Ndiyo, uliuleta. Ukauacha. Ukishauacha, unakuwa wa nani?"

Salama akafunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, na machozi kweli yalikuwa yanamtoka. "Dada, na mimi ningejibu hivyohivyo," akaniambia tulipotoka nje. "Wallahi sikuwahi kufikiri kwamba kuna jibu jingine. Kikiingia kwenye chungu chako ni chako. Ukisema umepewa, kwanza unajifanya mhitaji, halafu unamtaja jirani yako mbele ya wageni kwamba ana vingi, watu wamtie jicho. Nani atasema hivyo?"

Tukaenda kwa mwalimu. Mke wake, aliyezaliwa hapo, akasema wamekula mlenda, na ni wao. Nyumba iliyofuata, mlenda, wao. Na iliyofuata. Kufikia adhuhuri kijiji cha Ndagoni, kwa mujibu wa takwimu, kilikuwa na kilimo cha mlenda kilichostawi kupita Dodoma yote. Sijawahi kufurahia takwimu mbovu kiasi kile. Tulikuwa tunatembea kati ya minazi tumeshikana mikono, watu wazima wawili, tukicheka kila tukikumbuka.

Maana mmeona ilivyokuwa. Pweza mmoja wa mtu kama Bi Mwanahawa aligawanywa kwa mabakuli, akahesabiwa kwake, akahesabiwa kwa Bi Shani, akahesabiwa kwa mwalimu, kila mahali kama pweza mpya aliyetoka baharini. Salama hakunakili kitu. Aliandika walichosema, kama tulivyomwagiza, na walichosema kilikuwa kweli kwao. Swali ndilo tulilolikosea sisi. Jioni ile tulikaa tukalipindua: tukaacha kuuliza chakula ni cha nani, tukauliza kwanza nani wa nyumba hii amekwenda mwambani. Hilo kila mtu alilijibu bila kuona haya, na Bi Shani akajibu, "Mimi na magoti haya? Hakuna." Kisha akanikaribisha chai.

Simu ya Babu

Nilimpigia nikiwa mgombani, mahali penye mtandao mzuri zaidi. Nilimsimulia yote hadi mlenda. Kisha nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Hukuwaambia waseme hivyo?"

"Babu, mimi nilikuwa naomba wasiukatae tu."

"Na tui?"

"Na tui."

Akaacha kucheka. "Basi binti hana kosa. Mwambie arudi kazini. Nipe niongee naye."

Nikampa Salama simu. Alisimama wima kama yuko mbele yake. Akaitikia, akashukuru, akaitikia tena. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya adabu, "Baba, naomba jambo moja. Niliondolewa mbele ya wenzangu wote. Kama narudi, naomba nirudishwe mbele yao, na waelezwe kwa nini." Sikusikia jibu. Salama akanirudishia simu, akasema, "Amesema ataangalia." Sote tunajua Babu akisema ataangalia maana yake ni hapana.

Asubuhi ya kuondoka

Nilifunga begi mapema. Bi Mwanahawa alikuwa amenifungia pweza mkavu, nazi, na mkeka ambao sikujua nitaubebaje kwenye treni. Tukaketi kunywa chai ya mwisho, sisi watatu, na mikate ya kumimina. Simu ya Salama ilikuwa mkekani karibu na birika.

Ikalia. Kabla hajaichukua ikalia tena, kisha tena, ikawa haiachi, inasogea yenyewe mkekani kwa kutetemeka. Salama akaiokota akasoma. Nilichungulia, sioni aibu kusema. Babu alikuwa amemrudisha kwenye kundi, na chini yake ameandika ujumbe mrefu wa kumwomba radhi, kwa jina lake kamili, kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Chini ya ujumbe huo wadadisi wa Rufiji, wa Kilwa, wa Unguja, wote wanaandika kwa pamoja. Salama hakuweza kuendelea. Aliiweka simu mapajani, akaifunika kwa mikono miwili, nayo ikaendelea kulia chini ya vidole.

"Kelele gani hizo?" akauliza mama yake, akimimina chai.

"Ni wenzangu wa kazini, mama. Wananikaribisha."

"Kwani ulikuwa umekwenda wapi?"

Salama akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akapokea kikombe.

"Sikwenda mbali," akasema. "Na nimesharudi."